Breki ya Mbele Ndiyo Inayoamua

Fundi saa alikuwa na jibu moja tu kwa yeyote aliyemuuliza hali ya kitu kilichopita mikononi mwake. Ukimuuliza redio uliyomwachia iko vipi, atakwambia, "Kama saa." Ukimuuliza goti lake la kushoto, lile linalolia akipanda ngazi, atakwambia, "Kama saa." Miaka thelathini na minne alikuwa amekaa nyuma ya meza ileile, lenzi jichoni, kibano mkononi, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akikiri kwamba kitu kimemshinda. Saa iliyomshinda aliirudisha kwa mwenyewe akisema kwamba imechoka kwa uzee, si kwa ubovu, na mwenyewe aliondoka akiishika kwa adabu kama anayemwongoza mzee kuvuka barabara.

Basi jioni ile Seremala alipoingia dukani na kuuliza, "Bikizee yuko vipi?" jibu lilimtoka kabla halijapita kichwani.

"Kama saa."

Bikizee lilikuwa jina la pikipiki. Ilikuwa kongwe kiasi kwamba rangi yake ya asili ilibaki chini ya tangi tu, mahali jua lisipofika. Siku fundi saa alipoileta nyumbani, Seremala aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema, "Rafiki yangu, umenunua chuma chakavu chenye namba za usajili." Tangu siku hiyo fundi saa alijiwekea kiapo cha moyoni kwamba Seremala hatasikia hata siku moja kuwa Bikizee anaumwa.

Wawili hao walijuana tangu hawana ndevu. Karakana ya Seremala ilitazamana na duka la saa, na barabara iliyopita katikati ilikuwa nyembamba kiasi kwamba walitaniana kutoka mlango hadi mlango bila kupaza sauti. Seremala alisema kwamba fundi saa hawezi kutengeneza kitu kikubwa kuliko punje ya kunde. Fundi saa alijibu kwamba viti vya Seremala ni vizuri sana kwa mtu asiye na haja ya kukaa. Lakini kazi ya mwenzake aliiheshimu. Seremala hakununua ubao kabla ya kuugonga kwa kifundo cha kidole na kuutegea sikio. Ubao mzima, alisema, unaitika. Wenye mdudu ndani unajibu kama mtu anayeficha jambo.

"Nataka kumwazima," Seremala alisema. "Dada yangu anapasuliwa jicho keshokutwa asubuhi. Anasema anataka anione kesho, akiwa bado na jicho la kunionea. Wasije wakaliharibu."

"Na basi?"

"Basi la ng'ambo ya mlima ni keshokutwa. Nikilisubiri nitamkuta ameshafungwa bandeji."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Seremala akiwa hajaota meno yote, na dada, mwenyewe msichana wa miaka kumi na mitatu, akambeba mgongoni hadi alipokuwa mzito wa kubebwa. Fundi saa aliyajua hayo. Angeweza kusema neno pale pale. Lakini kwenye benchi alikuwa amekaa mwalimu mkuu mstaafu akingoja mkanda wa saa yake, na mbele ya mwalimu mkuu mtu huwa mrefu kidogo kuliko alivyo.

"Mchukue," alisema. "Atakufikisha kama barua."

Seremala akamtazama, kisha akagonga meza ya duka kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama anayeaga, akatoka.

Sasa, hali ya Bikizee ilikuwa hivi. Breki ya nyuma ilikuwa imeisha hadi ikabaki kuwa ya heshima tu. Fundi saa mwenyewe alikuwa na msemo wake: breki ya nyuma inashauri, breki ya mbele ndiyo inayoamua. Na hiyo inayoamua ilivutwa na waya mmoja uliotoka kwenye mkono wa usukani. Wiki mbili nyuma, waya huo ulianza kukatika unyuzi mmoja mmoja, pale juu unapoingia kwenye mpira. Mtu mwingine angenunua mpya. Fundi saa aliuleta mezani kwake, akavaa lenzi, akahesabu nyuzi zilizobaki, akakuta nne. Akachukua waya mwembamba wa shaba wa kazi zake, akauzungusha pale palipokatika, mzingo kando ya mzingo, kisha akaulehemu kwa risasi hadi ukang'aa. Ilikuwa kazi nzuri. Aliitazama kwa muda akiionea fahari, akairudisha, akaifunika kwa mpira, na kwa wiki mbili akaendesha kwenda sokoni na kurudi, barabara tambarare, bila tatizo.

Lakini mlima ule haukuwa soko. Kupanda kwake kulikuwa kwa polepole, ila upande wa pili barabara iliteremka kwa kona tisa, na kwenye kila kona ukingo wa chini ulikuwa umewekewa mawe yaliyopakwa chokaa, na baadhi ya mawe hayo hayakuwepo tena.

Alipofunga duka jioni ile, mlio wa kidole cha Seremala juu ya meza ulikuwa bado uko kichwani mwake. Akavuka kwenda duka la spea anunue waya mpya. Duka hilo lilipakana ukuta na karakana ya Seremala, na muuza spea alikuwa na mdomo wa redio ya jirani, haizimwi. Fundi saa alifika hadi kwenye kizingiti. Ndani, Seremala mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tairi, anacheka na muuza spea.

"Unatafuta nini, jirani?" aliuliza muuza spea.

"Nilikuwa napita tu," alisema fundi saa, akapita.

Nyumbani alikaa kitandani akiwaza, na woga ukamwonyesha njia ambayo woga huwaonyesha watu wengi: njia ya kando. Alikumbuka tangazo la kampuni inayouza kinga ya kukwama njiani. Unalipia, chombo kikiharibika unapiga simu, wanakuja na gari la kukokota, wanakufikisha uendako. Akapiga. Akapokelewa na mwanamke mwenye sauti laini kama pamba.

"Mwendeshaji ni nani kwako? Mwajiriwa, ndugu, au mengineyo?"

"Rafiki."

"Rafiki hayupo kwenye fomu, mzee wangu."

"Basi andika ndugu."

"Ndugu wa damu?"

"Ndugu wa pikipiki."

Yule mwanamke akacheka, akaandika. Kisha akasema, "Je, chombo kina hitilafu yoyote unayoifahamu?"

Fundi saa alitazama ukuta. Ukutani kulikuwa na saa yake ya mizani, na mizani ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, ikaenda kushoto.

"Hapana."

"Naomba urudie kwa sauti, simu inarekodiwa."

"Hapana," alisema fundi saa. Na kwa kuwa mazoea yana tabu, akaongeza, "Kama saa."

Asubuhi, saa moja kamili, Seremala alikuja amevaa koti zito na kofia ngumu. Fundi saa alimpa ufunguo, kisha akampa karatasi yenye namba ya simu.

"Hii nini?"

"Kinga. Ukikwama, unapiga hapo, wanakuja kukuchukua. Nimeshalipia."

Seremala alisoma karatasi ile mbele na nyuma. "Wewe umelipia."

"Eh."

"Wewe ambaye hujawahi kuninunulia hata msumari."

"Watu hubadilika."

"Hubadilika, ndiyo," alisema Seremala, akaiweka karatasi mfuko wa ndani wa koti. Akapiga teke moja, Bikizee akakohoa, akakubali. Fundi saa alisimama mlangoni akisikiliza mlio ukipungua, ukiwa mwembamba, hadi asijue kama anausikia au anaukumbuka.

Alijaribu kufanya kazi. Alikuwa na saa ya kike mezani, ndogo kama ukucha, inayotaka kusafishwa. Parafujo ya kwanza ilimwanguka. Alipiga magoti kuitafuta sakafuni, na akiwa pale chini, uso karibu na vumbi, aliuona waya ule waziwazi kana kwamba uko mbele ya lenzi. Akaona kitu ambacho kwa wiki mbili hakukitazama. Waya wa breki kazi yake ni kupinda. Unapinda kila mkono unapovutwa. Na risasi haipindi. Risasi inakaa imara, inakaa imara, kisha inavunjika. Alikuwa ameutengeneza waya ule kama kitu cha kukaa ndani ya saa, kitu kisichoguswa na mkono wa mtu.

Akasimama, magoti yamejaa vumbi, akachukua simu. Ilikuwa saa mbili na nusu. Seremala alipokea, upepo ukivuma nyuma yake.

"Kuna nini? Nimesimama pembeni."

Hapo ndipo alipaswa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: usiteremke, waya wa mbele ni mbovu. Alifungua kinywa.

"Nilitaka kukwambia," alisema, "kifuniko cha tangi. Ukijaza mafuta, ukikaze sana. Huwa kinalegea."

Upepo ulivuma kidogo.

"Umenipigia kuniambia kifuniko cha tangi?"

"Eh."

"Na kingine?"

"Kingine hakuna. Nenda taratibu."

"Haya," alisema Seremala, na simu ikakatika.

Saa tatu alipiga tena, kwa nia safi safari hii, akiwa amejiapiza. Namba unayopiga haipatikani. Saa tatu na robo, haipatikani. Barabara ilikuwa imeshaingia porini, na huko minara ya simu ilikuwa adimu. Alipiga hadi kidole kikamuuma.

Mtu mwenye hofu hukimbia saa. Fundi saa hakuwa na pa kukimbilia. Kulikuwa na saa ishirini na tatu katika duka lile, za ukutani na za mezani, na zote zilisema kitu kimoja. Saa nne: yuko chini ya mlima. Saa nne na nusu: anapanda. Saa tano kasorobo: yuko juu, kwenye kibanda cha watengeneza barabara, anapumzisha injini. Ilipotimia saa tano, zikagonga zote kwa mara moja, jambo ambalo siku nyingine lilimpa raha, na fundi saa aliziba masikio kama mtoto. Akamwona Seremala anaingia kona ya kwanza. Akauona mkono wake, ule wenye kovu la msumeno, ukivuta. Risasi ikashika. Kona ya pili, ikashika. Kila alipofika kona ya nne akili yake ilikataa kuendelea, ikarudi kona ya kwanza, ikaanza upya.

Mwalimu mkuu mstaafu alipita kuchukua saa yake. "Mbona unatoka jasho? Unaumwa?"

"Kama saa," alisema fundi saa, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yakamchukiza.

Saa sita hakula. Saa saba alikaa. Saa nane alisimama mlangoni akitazama karakana iliyofungwa ng'ambo, na kufuli lake. Saa tisa na dakika nne simu ikatetemeka mezani na kuisukuma ile saa ya kike hadi ukingoni. Ulikuwa ujumbe kutoka kampuni ya kinga.

"Ndugu mteja. Gari letu limemfikia mwendeshaji wako. Mwendeshaji amepumzika. Chombo kimehifadhiwa. Asante kwa kutuamini."

Aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena amekaa. Neno moja lilikuwa limejitenga na mengine likabaki peke yake kwenye kioo. Amepumzika. Ndivyo wanavyoandika juu ya misalaba na kwenye matangazo ya vifo: mzee wetu amepumzika, mama yetu mpendwa amepumzika. Hakuna anayeandika hivyo kwa mtu aliyekaa tu kivulini.

Alipiga namba ya kampuni. Muziki ukaanza, kinanda cha furaha, na sauti ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao. Akangoja, simu sikioni, akiogopa kwamba hawatapokea, na akiogopa zaidi kwamba watapokea. Muziki ukakatika wenyewe. Hakupiga tena. Kuuliza ni kuomba jibu, na jibu hakulitaka. Alifunga duka bila kushusha pazia, na miguu yake, bila kuagizwa, ikampeleka nyumbani kwa Seremala.

Njia ilikuwa ya dakika saba. Kwenye dakika ya tatu kulikuwa na njia panda, kushoto kwake, kulia kwa Seremala, na pale alisimama. Kama amepumzika, alijiambia, basi wataalamu watakuja kumwambia mkewe, watu wenye sare wanaojua kusema mambo hayo. Waya umekatika wenyewe, nani atajua? Vyuma hukatika. Wazo hilo lilikuja limevaa vizuri, linaongea kwa upole, na kwa kitambo alilisikiliza. Kisha akaogopa jambo jingine: kwamba analisikiliza. Akakata kulia.

Mke wa Seremala alikuwa mshonaji. Alimkuta amekaa dirishani na suruali ya mtu mapajani, anafumua mshono kwa wembe, uzi baada ya uzi.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinua macho. "Umekuja."

"Nimekuja, shemeji."

"Kaa."

"Nikikaa sitaweza kusema."

"Basi sema umesimama."

Akasema. Alianza na yale ya mwisho, akarudi nyuma, akajikwaa, akaanza upya. Alimweleza waya na nyuzi nne, na risasi. Alimweleza duka la spea na jinsi alivyopita. Alimweleza mwanamke wa simu na hapana mbili. Alimweleza kifuniko cha tangi. "Alinipa nafasi, shemeji. Aliniuliza, na kingine? Nikasema kingine hakuna." Mkono wa yule mama uliendelea kufumua. "Niliogopa kuchekwa. Sina kingine cha kusema, ni hicho tu. Niliogopa kuchekwa, na sasa nimemuua mume wako."

Akatoa simu, akampa.

Shemeji aliishika mbali na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wao, akasoma huku midomo ikitembea. Akamaliza. Akaiweka juu ya cherehani, taratibu.

"Amepumzika, ndiyo," alisema. "Amekula wali wote wa dada yake, amelala kwenye kochi, anakoroma. Alinipigia saa nane kwa simu ya dada; ujumbe wao ndio umechelewa. Yake imeisha chaji."

Fundi saa alikaa. Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine, akaziba uso kwa viganja.

"Usishukuru bado," alisema shemeji. Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha kuliko kelele. "Hakuteremka. Alifika pale juu akazima injini. Anasema ulivyompa ile karatasi alisikia mlio. Ulivyompigia simu akausikia tena. Ubao wenye mdudu, anasema. Akainua mpira wa breki, akakuta risasi yako inang'aa kama jino la dhahabu. Akaivuta kwa nguvu mara tatu pale pale aliposimama. Ya tatu ikabaki mkononi mwake."

"Ya tatu," alirudia fundi saa.

"Kona ziko ngapi, shemeji?"

Kona zilikuwa tisa, na wote wawili walijua.

"Alipanda juu ya mwamba hadi simu yake ikashika, akawaita watu wako wa kinga. Wakampeleka kwa dada. Hiyo nakushukuru, ilifanya kazi." Akachukua wembe tena. "Nilimwambia nikupigie, usife kwa wasiwasi. Akasema hapana. Akasema, akija mwenyewe, mpe chai. Asipokuja, nitamrudishia pikipiki yake na kila kitu chake. Nimekaa hapa tangu saa nane, nimefumua suruali mbili. Moja haikuwa ya kufumuliwa."

Kisha akainuka, akaenda jikoni, na baada ya muda fundi saa akasikia maji yakimiminwa kwenye birika.

Masharti ya Seremala yalikuwa machache, na mkewe aliyatoa pamoja na chai. Bikizee ameachwa juu, kwenye kibanda cha watengeneza barabara. Kesho fundi saa apande basi, ashuke pale, na aje na waya mpya, wa dukani.

Siku ya pili asubuhi alisimama mbele ya muuza spea kabla hajamaliza kufungua mlango.

"Waya wa breki ya mbele," alisema. "Wangu ulikatika. Niliulehemu badala ya kununua, nikamwazima mtu."

Muuza spea alifungua kinywa, akamtazama usoni, akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa redio ile kuzimwa.

Basi lilimshusha juu ya mlima saa tano kasorobo. Upepo ulikuwa baridi, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni vipande vipande. Seremala alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda, koti limefungwa hadi shingoni. Gari la mchanga lilikuwa limempandisha. Hawakupeana mikono.

"Dada?"

"Wamemaliza saa mbili. Limefungwa bandeji, anatukana wauguzi. Atapona." Kisha akasema, "Jana aliniona. Alinitazama sana."

Fundi saa alipiga magoti kando ya Bikizee. Aliupitisha waya mpya, akaukaza, akauvuta. Akauvuta tena. Aliuvuta mara tisa, na Seremala alihesabu kona kimoyomoyo, maana ilipofika ya saba alisema, "Bado mbili." Alipomaliza akampa ufunguo.

Seremala hakuupokea. "Unaendesha wewe."

"Mimi?"

"Mimi nakaa nyuma. Tunateremka kwa dada, anatungoja."

Fundi saa alitazama barabara. Ilikwenda mbele hatua hamsini, ikapinda, ikapotea. Palipopinda, jiwe moja la chokaa lilikuwepo, la pili halikuwepo. Aliuona utupu uliobaki mahali pake. Jana nzima alikuwa ameteremka kona zile kichwani. Hakuwahi kufika ya tano.

Seremala alivaa kofia yake, akaja akasimama karibu, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

"Bikizee yuko vipi?"

Jibu lilikuja hadi kwenye ncha ya ulimi, kwa mazoea, fundi saa akalizuia kwa meno.

"Waya wa mbele ni mpya," alisema. "Nimeukaza mwenyewe, nadhani sawasawa. Breki ya nyuma imekwisha, haifai kitu. Tairi la mbele ni kuukuu. Taa inawaka ikitaka." Kisha akalisema na la mwisho. "Na mimi naogopa. Naogopa sana."

Seremala aliinamisha kichwa kidogo upande, kama anayengoja ubao umalize kulia.

"Haya," alisema. "Twende."

Akapanda nyuma. Bikizee akalala kidogo kwa uzito wa wazee wawili. Fundi saa aliingiza gia ya kwanza na hakuitoa. Kona ya kwanza ilikuja polepole na bado ikaja haraka. Akavuta mkono, waya ukashika, tairi likalalamika juu ya changarawe. Kona ya pili. Jasho lilimshuka hadi ndani ya macho na hakuthubutu kulifuta. Kona ya tatu, ya nne, bonde limefunguka upande wa kushoto, bluu tupu, na mikono miwili mizito imekaa juu ya mabega yake, wala haikumkaba wala haikumwachia.

Walipokaribia ya tano alisikia sauti nyuma ya sikio lake.

"Saa ngapi?"

"Niache."

"Wewe si fundi saa? Nakuuliza tu saa ngapi."

"Sitoi mkono kuangalia," alisema fundi saa kupitia meno yaliyobana, na akavuta breki.